Kiungo cha Bomba Kinachovuja Hakiponi kwa Kukazwa

Koki ya nusu inchi ikianza kuvuja pale inapoingia ukutani, wengi wetu hukimbilia spana. Tunaikaza, tone linakoma siku mbili, kisha linarudi. Ukizidi kukaza, elbo ya plastiki hupasuka ndani ya ukuta, na kazi ndogo inageuka kuwa ya kuvunja vigae.

Thredi peke yake hazizuii maji. Za nusu inchi ni 14 kwa kila inchi, na hata zikikazwa vipi, katikati yake hubaki upenyo mwembamba unaozunguka mpaka nje. Maji hupita humo. Tepu nyeupe huujaza upenyo huo, tena hulainisha thredi ili koki iingie hadi inapostahili. Imetengenezwa kwa PTFE, plastiki yenye utelezi aliyoigundua Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938.

Kwa hiyo funga maji, fungua koki, toa tepu yote ya zamani. Sugua thredi za pande zote mbili kwa mswaki mkuukuu, kisha zikaushe. Shika koki, ncha ya thredi ikikutazama, uzungushe tepu kufuata mshale wa saa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ukizungusha kinyume, koki ikiingia tepu hujikunja na kusukumwa nje. Anzia thredi ya pili ili vipande visiingie njia ya maji. Ivute muda wote, izame mpaka umbo la thredi lionekane juu yake. Mizunguko mitano hivi hutosha. Ukijaza mno, elbo ya plastiki hutanuka mpaka ipasuke.

Ingiza kwa mkono, malizia kwa spana. Koki ikipita mkao unaoutaka, usiirudishe nyuma hata kidogo. Ifungue, uvike tepu mpya.

Kwenye bomba za chuma mafundi wengi hutumia katani na dawa ya kupaka, nami naiheshimu kazi hiyo: katani ikilowa huvimba na kuziba barabara. Ila kwenye mtaa wenye mgao mrefu wa maji, katani hukauka na kusinyaa, na maji yakirudi kiungo huanza kuvuja. Huko mimi nachagua tepu.

Na ule mpira unaopeleka maji kwenye sinki hauhitaji tepu kabisa. Kinachozuia maji pale ni washa iliyo ndani ya nati; ikichakaa, nunua nyingine.