Kunyunyizia Dawa kwa Pikipiki ya Magurudumu Manne: Mtambo wa Kujitengenezea na Vipimo Vyake

Majuma mawili baada ya kunyunyiziwa kiuagugu, shamba huanza kutoa taarifa. Pale dawa ilipofika kwa kadiri iliyokusudiwa, magugu yamenyauka. Pale ilipopungua, huonekana mistari ya kijani iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Na pale ilipozidi, hata mimea iliyopandwa imeungua majani. Mkulima aliyejitengenezea mtambo wake mwenyewe hushangaa, maana siku ile ya kazi maji yalitoka vizuri katika nozeli zote. Lakini kutoka kwa maji si ushahidi wa jambo lolote ila kwamba pampu inafanya kazi.

Pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya ardhi isiyo na barabara si za zamani sana. Kampuni ya Honda ilitoa ya magurudumu matatu mwaka 1970, na Suzuki ikatoa ya magurudumu manne mwaka 1982. Nyingi zilinunuliwa kwa michezo, lakini wakulima na wafugaji wa Marekani, Australia na New Zealand waliona upesi kwamba chombo hicho chepesi, chenye matairi mapana yasiyokandamiza sana udongo, kingeweza kuwa punda wa kazi. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kubeba pipa la dawa. Mitambo iliyo tayari huuzwa madukani, hata hivyo wengi hupendelea kuiunda wenyewe, kwa kuwa sehemu zake ni chache na hupatikana kwa urahisi.

Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Mtu mwenye bomba la mgongoni, anayenyunyizia upana wa mita 1, hulazimika kutembea kilometa 10 ili kumaliza hekta moja, akiwa na kilo 16 au zaidi mgongoni kila ajazapo upya. Mtambo wenye upana wa mita 3 huipitia hekta hiyo kwa safari ya kilometa 3.3 tu. Ukienda kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, hizo ni dakika 25, ukiacha muda wa kugeuka na wa kujaza.

Muundo wake ni huu. Tangi la plastiki hufungwa juu ya kichanja cha nyuma. Maji hutoka chini ya tangi, hupita katika chujio, na kuingia katika pampu ndogo ya kiwambo inayoendeshwa kwa umeme wa volti 12 wa betri ya pikipiki. Kutoka kwenye pampu njia hugawanyika mara mbili: sehemu moja ya maji huenda kwenye boriti yenye nozeli, na sehemu nyingine hurudi tangini kupitia vali ya kurekebishia. Watengenezaji wengi wa nyumbani huiacha njia hiyo ya kurudi, wakidhani kuwa ni upotevu. Kinyume chake, ndiyo inayoutuliza mtambo. Pampu nyingi za aina hii zina swichi inayozizima zenyewe mara kanieneo (yaani nguvu inayosukuma kila sentimita mraba ya eneo) inapofikia kikomo fulani. Nozeli zikitumia maji machache kuliko yanayotolewa na pampu, swichi hujizima na kujiwasha mfululizo, sindano ya geji ikarukaruka, na dawa ikatoka kwa vipindi. Njia ya kurudi hulipa tatizo hilo pa kutokea. Tena maji yanayorudi huikoroga dawa ndani ya tangi isitulie chini.

Geji yenyewe ifungwe karibu na boriti, si karibu na pampu. Kila mita ya mpira na kila kona hupunguza kanieneo, na kinachotakiwa kujulikana ni hali ya maji yanapofika kwenye nozeli. Nyaya za umeme nazo zisidharauliwe. Pampu inayotumia ampea 7 kupitia waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, wenye jumla ya mita 4 kwenda na kurudi, hupoteza zaidi ya nusu volti njiani, na nguvu yake hupungua vivyo hivyo. Waya mnene na fyuzi iliyo jirani na betri ni vitu vya bei ndogo.

Kuhusu chujio, yafaa kuongeza kwamba maji ya tope hayazibi nozeli tu. Kiuagugu cha glaifoseti hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi na kupoteza uwezo wake, hivyo aliyechota maji katika dimbwi lililovurugika huenda akawa amekwisha kuiua dawa kabla ya dawa kuua magugu.

Sasa nozeli. Nozeli ya kawaida ya kiuagugu hutawanya maji kwa umbo la upepeo bapa lenye pembe ya nyuzi 110. Upepeo huo ni mzito katikati na mwepesi pembeni. Kwa hiyo hakuna nozeli moja inayoweza peke yake kuleta usawa, na ni lazima jirani zipishane. Nozeli zikiwa sentimita 50 moja kutoka nyingine, na boriti ikiwa sentimita 50 juu ya magugu, kila upepeo hufunika upana wa karibu sentimita 140, na kila mahali hupata maji ya nozeli mbili au tatu. Boriti ikishuka hadi sentimita 20, upana huo hubaki sentimita 57 tu. Pembe nyepesi hazisaidiani tena, na hapo ndipo ile mistari ya kijani inapozaliwa, yenye nafasi sawa baina yake. Mstari mmoja peke yake, kwa upande mwingine, huonyesha nozeli moja iliyoziba.

Ukubwa wa nozeli hutambulikana kwa rangi, kufuatana na kanuni ya kimataifa. Ile ya manjano, namba 02, hutoa karibu lita 0.8 kwa dakika katika kanieneo ya bari 3, yaani kilopaskali 300. Boriti yenye nozeli sita za manjano hufunika mita 3 na kuhitaji lita 4.8 kwa dakika. Pampu itakayochaguliwa iweze kutoa zaidi ya hapo katika kanieneo hiyohiyo, ili yabaki maji ya kurudi tangini.

Wengi hukosea wanapotaka maji mengi zaidi na hufungua kanieneo. Utoaji wa nozeli hauongezeki sawasawa na kanieneo, bali hufuata kipeuo chake cha pili. Ili maji yawe maradufu, kanieneo haina budi kuwa mara nne: kutoka bari 3 hadi 12, kiasi ambacho pampu ndogo haikifikii kabisa. Na kwa kila bari inayoongezwa, matone huzidi kuwa madogo. Tone lenye kipenyo cha maikroni 400 lina maji sawa na matone 64 ya maikroni 100, lakini hayo madogo, yakisha kupoteza kasi ya nozeli, huanguka polepole kwa karibu sentimita 27 kwa sekunde. Kutoka kimo cha nusu mita hukaa hewani karibu sekunde mbili, na upepo wa mita 3 kwa sekunde huweza kuyabeba mita tano au sita, hadi kwenye nyanya za jirani. Anayetaka maji mengi abadilishe nozeli au apunguze mwendo.

Mwendo ndio kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote. Kiasi cha maji kwa hekta hupatikana kwa kuzidisha utoaji wa nozeli moja (lita kwa dakika) kwa 600, kisha kugawanya kwa mwendo (kilometa kwa saa) na kwa nafasi baina ya nozeli (mita). Kwa mfano wetu, 0.8 mara 600 ni 480. Ikigawanywa kwa 8 na kwa 0.5, jibu ni lita 120 kwa hekta. Tangi la lita 60 litatosha nusu hekta. Ikiwa maelezo ya dawa yanataka lita 2 kwa hekta, basi lita 1 hutiwa katika tangi hilo.

Dereva akisahau na kwenda kilometa 10 kwa saa, maji hushuka hadi lita 96 kwa hekta na dawa hadi lita 1.6. Akipanda mwinuko kwa kilometa 6 kwa saa, dawa hufikia karibu lita 2.7. Hayo yote hutokea bila sindano ya geji kusogea hata kidogo. Mtambo mkubwa wa kisasa una kompyuta inayosahihisha makosa hayo. Huu wa nyumbani una mkono wa dereva tu.

Kwa bahati nzuri ipo njia ya kupima isiyohitaji fomula. Wakulima wa Marekani hutumia moja inayotegemea ukweli kwamba galoni yao ina aunsi 128: hupima muda wa kupita umbali unaolingana na sehemu moja kati ya 128 ya ekari kwa nozeli moja, hukinga maji kwa muda huo, na idadi ya aunsi zilizokingwa ndiyo idadi ya galoni kwa ekari. Kwa vipimo vya meta mambo ni mepesi zaidi. Nozeli yenye nafasi ya nusu mita, ikisafiri mita 200, hufunika mita mraba 100, ambazo ni sehemu ya mia ya hekta. Basi zipimwe mita 200 shambani penyewe, si barabarani, tangi likiwa nusu, na gia iwe ile itakayotumika kazini. Dereva aanze mwendo kabla ya kijiti cha kwanza, na saa ihesabu hadi kijiti cha mwisho. Kwa kilometa 8 kwa saa zitapatikana sekunde 90. Kisha pikipiki isimamishwe, pampu iwashwe kwa maji matupu, na kila nozeli ikingiwe chupa kwa sekunde hizohizo 90. Lita 1.2 katika chupa ni lita 120 kwa hekta. Nozeli iliyozidi kipimo cha ile mpya kwa zaidi ya asilimia 10 imelika, na dawa yake ni kutupwa.

Uzito ni suala la uhai wa dereva. Lita 60 ni kilo 60 kabla ya kuhesabu tangi, pampu na boriti, na bamba la mtengenezaji linaloonyesha mzigo wa kichanja lisomwe kabla ya tangi kununuliwa. Mzigo ulio juu na nyuma huinua kitovu cha uzito na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko. Tangi lililojaa nusu huwa baya zaidi katika mteremko wa ubavuni, kwa kuwa maji hukimbilia upande ule ule chombo kinakotaka kuangukia. Pikipiki mpya za magurudumu matatu za aina hii ziliacha kuuzwa Marekani kwa makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1988, na tangu Oktoba 2021 Australia hutaka zile mpya za magurudumu manne za kazi ziwe na kinga ya kumlinda dereva zinapopinduka. Kwenye ardhi yenye miinuko, tangi la kukokotwa nyuma, lenye magurudumu yake, ni bora kuliko la kubebwa.

Katika Tanzania na Kenya chombo kinachokaribiana na hiki ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Hesabu zote zilizoelezwa hutumika humo bila mabadiliko, mradi shamba liwe tambarare na gia ya kwanza itoe mwendo usiobadilika. Hata bomba la mgongoni hupimwa kwa njia hiyohiyo, ila upana utakaohesabiwa ni ule unaofunikwa kwa kila hatua.

Hatimaye mtambo huoshwa. Dawa ya 2,4-D iliyotumika katika mahindi, ikibaki kidogo tu, hukunja majani ya pamba na nyanya zitakazonyunyiziwa baadaye. Mvaaji glavu husuuza tangi mara tatu na kuyanyunyizia maji hayo katika shamba lilelile, mbali na kisima. Kila mara ya kusuuza, pampu iachwe iendelee hadi nozeli za mwisho za boriti zitoe maji safi, kwa sababu mpira wa mita 10 wenye upana wa ndani wa milimita 12 hubaki na zaidi ya lita moja ya dawa hata tangi likiwa tupu.