Fahamu: Maandishi yalikuwa na kazi gani katika Pwani ya kale?

Kwenye magofu ya Kunduchi, Kinondoni, yapo makaburi ya karne ya 18 yenye maandishi ya Kiarabu. Desturi yenyewe ni kongwe zaidi.

Jiwe na sarafu

Kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kina tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, pamoja na jina la sheikh aliyeamuru ujenzi. Kilwa, masultani waliandika majina yao kwenye sarafu za shaba, tena kwa vina! Asiyejua kusoma naye alizishika mkononi kila siku.

Tarikh ya Kilwa

Hii ndiyo hati inayotajwa zaidi. Iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, ikieleza jinsi watawala walivyotoka Shiraz, Uajemi. Kazi yake haikuwa kumbukumbu tu: aliyekuwa na nasaba iliyoandikwa alikuwa na hoja ya kukalia kiti cha utawala.

Je, iaminike?

Kwa tahadhari. Mreno João de Barros alichapisha simulizi yake ya historia ya Kilwa mwaka 1552, na orodha yake ya masultani hailingani kikamilifu na nakala ya Kiarabu ya 1877 iliyopo London. Wanaakiolojia wengi nao wanaona mji wa Kilwa ulijengwa na wenyeji, si wageni kutoka Shiraz.