'Kuchoma Makaa': Kitenzi na Kemia ya Tanuri

Huko Mutomo, Kitui, na Kibwezi, Makueni, husemwa kwamba fulani 'anachoma makaa'. Msomaji wa sayansi angeweza kuishuku kauli hiyo, kwani ayachomaye makaa huambulia jivu. Mwanaisimu atamtoa wasiwasi: yambwa hapa ni zao la tendo, kama mkeka katika 'kusuka mkeka'. Kinachochomwa ni kuni, tena kwa sehemu tu.

Magogo ya migunga hupangwa, yakafunikwa kwa majani na udongo, kisha moto ukatiwa kupitia tundu. Mwanzoni magogo hufyonza joto. Maji yaliyomo sharti yageuke mvuke, na kazi hiyo hula nishati nyingi. Hivyo sehemu ya magogo huteketea ili kuyakausha yaliyosalia. Joto lipitapo digrii 280 hivi za Selsiasi, hali hubadilika. Vifungo vya kikemia vya kuni huendelea kuvunjika na vipya kuundwa, lakini sasa uundaji hutoa joto kuliko lile linalofyonzwa na uvunjaji. Tanuri hujipasha lenyewe. Mchomaji, ambaye awali alihangaika kuuwasha moto, sasa hukesha akiziba nyufa, maana hewa ikipenya makaa nayo yatawaka. (Ni ajabu kwamba jina lake latokana na 'kuchoma' ilhali kutwa kucha kazi yake ni kuzuia moto.)

Hasara ni kubwa. Kilo moja ya kuni kavu ina takribani megajuli 16 za nishati. Kilo ya makaa, karibu 29. Tukichukulia kwamba tanuri la udongo limekula kilo 8 za kuni kwa kila kilo ya makaa, basi megajuli 128 zimezaa 29, yaani chini ya robo. Nyingine zimetoweka kama joto, na pia kama gesi na lami zilizomo katika moshi, ambazo zingeweza kuwaka.

Mapema mwaka 2018, Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya makaa, kwa hoja ya kuinusuru miti. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwa maoni yangu, marufuku hulikabili lori barabarani, ilhali upotevu mwingi hutokea tanurini. Kuyaanika magogo kwa majuma kadhaa kabla ya kuyafukia hakuhitaji mtambo wowote, na hupunguza kuni zinazoteketezwa kwa ajili ya kufukuza maji tu.