Kituo cha Wazazi Kimefungwa: Daftari Limekwenda Wapi?



Katika sehemu nyingi za Tanzania Bara kuna nyumba ambayo zamani ilikuwa kituo cha wazazi. Mama zetu walijifungulia humo. Leo nyumba hiyo imefungwa. Pengine imekuwa ghala la mahindi. Pengine zimebaki kuta tu. Watu wakipita hapo husema, "Mimi nilizaliwa pale." Ukiwauliza tarehe, wengi hawaijui.

Vituo hivyo vilifungwa kwa sababu mbalimbali. Mashamba mengi ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalikuwa na zahanati zake. Bei ya mkonge ilipoanguka mashamba mengi yalidhoofika, na huduma zake zikadhoofika pia. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida. Hospitali hizo ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Vituo vingine vilikosa fedha au wakunga.

Lakini kufungwa kwa nyumba si kupotea kwa daftari. Nyumba haihami, daftari huhamishwa. Leo tutaeleza jinsi ya kulifuata.

KWA NINI TULITAFUTE?

Sababu ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kijana anayeomba mkopo wa chuo kikuu huulizwa cheti. Anayeomba pasipoti huulizwa cheti. Mzee anayesema ametimiza miaka 60 naye hutakiwa kuonyesha umri wake.

Sababu ya pili ni afya, na hii watu wengi hawaijui. Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya tatu. Alipojifungua mtoto wa kwanza alianguka, akatetemeka mwili mzima, akapoteza fahamu. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Nyumbani aliambiwa kuwa alipandisha mashetani. Kumbe mkunga wa siku ile aliandika katika daftari: kifafa cha mimba.

Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa maisha. Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba anaweza kukipata tena. Yampasa kuanza kliniki mapema, kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila anapokwenda, na kujifungulia hospitali. Iko pia dawa ya kumkinga, ambayo mtaalamu humpa mimba ikiwa bado changa. Binti yake naye akipata mimba aseme kliniki kuwa mama yake aliugua hivyo, kwa sababu hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine.

Ni vivyo hivyo kwa mama aliyetokwa na damu nyingi, aliyekwama kondo la nyuma, au aliyepasuliwa. Mkunga akijua yaliyopita, hujiandaa kwa yajayo.

DAFTARI LINA NINI?

Daftari la waliojifungua huwa na mistari. Kila mama ana mstari wake. Kwa kawaida huandikwa jina la mama, umri wake, kijiji chake na mimba ni ya ngapi. Kisha huandikwa tarehe ya kujifungua, mtoto ni wa kiume au wa kike, uzito wake, na kama alizaliwa hai. Kama mama alipata shida, huandikwa pia. Kama alipelekwa hospitali kubwa, jina la hospitali huandikwa. Hapo utajua pa kwenda kuuliza tena.

Angalia jambo moja. Jina la mtoto mara nyingi halimo, kwa kuwa mtoto huwa bado hajapewa jina. Kwa hiyo usitafute kwa jina lako. Tafuta kwa jina la mama, tena jina alilotumia wakati ule. Huenda alijiandikisha kwa jina la baba yake, au la mume wake, au la ubatizo. Mwandishi naye huenda aliandika Halima badala ya Salima.

TUTAFUTE WAPI?

Kwanza, jua kituo kilikuwa cha nani. Waulize wazee, wakunga wastaafu na mwenyekiti wa kijiji. Kisha fuata njia hii:

1. Kama kilikuwa cha Serikali, nenda zahanati au kituo cha afya kilichochukua kazi yake. Wasipokuwa nalo, nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

2. Kama kilikuwa cha misheni, nenda parokiani au usharikani. Wasipokuwa nalo, uliza ofisi ya jimbo au dayosisi, na hospitali ya misheni iliyo karibu.

3. Kama kilikuwa cha shamba au kampuni, uliza ofisi ya shamba, hata kama mwenye shamba amebadilika.

4. Kama kilikuwa cha mtu binafsi, uliza familia yake. Uliza pia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

5. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya ulikozaliwa. Kwa kawaida ipo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. RITA ilianza kazi mwaka 2006, ikachukua usajili uliokuwa chini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Huenda wazazi wako walikusajili zamani na cheti kikapotea nyumbani. Omba watafute.

Usiende mikono mitupu. Andika kwanza jina la mama, kijiji alichokaa, jina la kituo, na mwaka unaoukisia.

ANDIKA BARUA

Wewe uliyejifunza kuandika, hapa kalamu yako ina kazi. Barua haisahauliki kama maneno ya mdomo. Andika hivi:

"Mganga Mkuu wa Wilaya,
S.L.P. ........

YAH: KUOMBA TAARIFA ZA KUZALIWA

Mimi ni ........ wa kijiji cha ........ Nilizaliwa katika kituo cha wazazi cha ........ kati ya mwaka ........ na ........ Mama yangu anaitwa ........ Kituo hicho kimefungwa. Naomba kujua madaftari yake yanatunzwa wapi, na kama yapo, naomba taarifa yangu kwa maandishi.

Wako,
........"

Andika nakala mbili. Moja peleka, nyingine baki nayo, na uombe igongwe mhuri wa kupokelewa.

DAFTARI LISIPOPATIKANA

Madaftari mengine yameliwa na mchwa, mengine yamelowa mvua. Hata hivyo usikate tamaa. Tafuta kadi ya kliniki ya mtoto. Tafuta cheti cha ubatizo. Nenda shule ya msingi uliyosoma, uliza daftari la kuandikishwa. Kwa familia nyingine, babu aliandika tarehe za wajukuu ndani ya jalada la kitabu cha dini.

Kama hakuna maandishi yoyote, tumia matukio. Muulize mama, "Ulinizaa kabla au baada ya jambo fulani?" Haya ni matukio ambayo wengi wanayakumbuka:

Uhuru wa Tanganyika: Desemba 1961.
Azimio la Arusha: Februari 1967.
Kampeni ya Mtu ni Afya: 1973.
Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979.
Kifo cha Sokoine: Aprili 1984.
Kuzama kwa MV Bukoba: Mei 1996.
Mvua za El Nino: 1997 hadi 1998.
Kifo cha Mwalimu Nyerere: Oktoba 1999.

Kisha uliza msimu. Ilikuwa wakati wa kupanda au wa kuvuna? Ilikuwa mwezi wa Ramadhani au karibu na Krismasi? Kwa njia hii utapata mwaka, na pengine mwezi. Lakini usibuni tarehe ili upate ajira au ukwepe jambo. Kutoa taarifa ya uongo kwa msajili ni kosa. Tena umri wa uongo humdanganya hata mganga anayekutibu.

Ukishapata ushahidi wako, upeleke RITA. Kumbuka, kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kizazi, ile karatasi mama anayopewa baada ya kujifungua, nalo si cheti. Hivyo ni vitu vya kukusaidia kupata cheti. Mtu aliyepitisha miaka 10 bila kusajiliwa huombwa ushahidi zaidi, kwa hiyo kusanya karatasi zote ulizonazo.

TUHESHIMU SIRI

Daftari la wazazi lina siri za watu wengi. Ukurasa wenye jina la mama yako una majina ya mama wengine pia. Usishangae mhudumu akikataa kukupa daftari ulifunue mwenyewe. Anafanya kazi yake. Mwombe akusomee mstari wa mama yako tu. Kama mama yu hai, nenda naye, au upate ridhaa yake.

Pengine utakuta jambo usilolijua. Huenda ulizaliwa pacha na mwenzako akafariki. Huenda kabla yako alikuwepo mtoto aliyezaliwa mfu. Mama yako hakukuambia kwa sababu lilimuumiza. Usimwulize mbele za watu. Kaa naye faraghani, mwache aseme akiwa tayari.

TUSIWAACHIE WATOTO SHIDA HII

Zahanati ya leo nayo inaweza kuhamishwa kesho. Kwa hiyo, mtoto akizaliwa, sajili kizazi ndani ya siku 90. Mwaka 2013 ulianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo, kisha ukaenezwa mikoa mingine. Muulize mhudumu wa zahanati yenu au mtendaji wa kata.

Chukua pia daftari dogo la shule. Andika tarehe ya kila mtoto kuzaliwa, mahali, uzito, na shida aliyoipata mama. Liweke ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na mchwa na moto. Mama akipata mimba nyingine, aende nalo kliniki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kata yetu, ni vituo gani vya wazazi vilivyofungwa? Vilikuwa vya nani?
2. Nani kati yetu anamfahamu mkunga aliyefanya kazi huko?
3. Ni watoto wangapi katika familia yako wasio na cheti? Utaanza na yupi, na lini?