Damu inavyofichua siri za moyo uliopata mshtuko

MAUMIVU ya kifua ni dalili inayowahadaa wengi. Mmoja hudhani ni vidonda vya tumbo, mwingine husema ni gesi, na wa tatu humeza tembe za kutuliza maumivu akaenda kulala. Wakati huo wote, huenda sehemu ya msuli wa moyo inakufa.

Ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo anapofika hospitalini, madaktari hufanya mambo mawili kwa haraka: hupima mwenendo wa umeme wa moyo kwa mashine ya ECG, na humtoa damu ipelekwe maabara. Damu hiyo hubeba ushahidi ambao mgonjwa mwenyewe hawezi kuusimulia.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha msuli wa moyo unapozibwa, aghalabu na damu iliyoganda juu ya utando wa mafuta uliopasuka ukutani mwa mshipa huo. Seli zikinyimwa oksijeni huanza kufa, na zinapokufa humwaga katika damu vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani yake.

Mnamo 1954, watafiti jijini New York walionyesha kwamba kimeng'enya kinachojulikana leo kama AST huongezeka katika damu ya wagonjwa hao. Kasoro yake ni kuwa kimeng'enya hicho kimo pia katika ini na misuli mingine. Tangu 2000, wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani wameitanguliza protini iitwayo troponini, ambayo aina zake za moyo hutoka takriban katika msuli wa moyo pekee.

Troponini huanza kupanda saa chache baada ya maumivu kuanza na huweza kubaki juu kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hivyo, kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha hitilafu, damu hupimwa tena baada ya muda. Aidha, kwa kuwa protini hiyo hupanda pia kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, daktari hulinganisha matokeo na dalili pamoja na ECG kabla ya kukata kauli.

Kutu ndani ya mwili

Hata hivyo, troponini hueleza tu kwamba msuli umeumia. Swali la jinsi unavyoumia limewaelekeza wanasayansi kwenye hali iitwayo msongo wa uoksidishaji, dhana iliyoasisiwa na Mjerumani Helmut Sies mwaka 1985.

Kiazi kikimenywa na kuachwa mezani hubadilika rangi. Chuma kikiachwa mvuani hushika kutu. Oksijeni ndiyo inayohusika katika yote mawili. Mwilini nako, seli zinapotumia oksijeni huzalisha chembe kali zinazoitwa radikali huru. Mwili una walinzi wa kuzituliza, mmoja wao akiwa glutathioni. Msongo hutokea chembe hizo zinapowazidi walinzi nguvu, zikaanza kuharibu mafuta, protini na hata vinasaba vya seli.

Kinaya ni kwamba mshipa unapozibuliwa na damu kurejea kwa kishindo, chembe hizo hufurika na kuongeza jeraha. Pamoja na hayo, faida ya kuzibua mshipa mapema hushinda kwa mbali madhara hayo.

Mabaki ya vita hivyo huonekana katika damu. Malondialdehidi huonyesha kuwa mafuta ya seli yameharibiwa, nayo mieloperoksidasi hutolewa na seli nyeupe zinapochachamaa. Katika utafiti uliochapishwa 2003 kuhusu wagonjwa 604 wa maumivu ya kifua nchini Marekani, waliokuwa na mieloperoksidasi nyingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na matatizo ya moyo katika miezi sita iliyofuata, hata pale troponini haikuwa imepanda.

Lakini vipimo hivyo havijachukua nafasi ya troponini, kwani uvutaji sigara, kisukari na maambukizi pia huvipandisha.

Vitamini si kinga

Hapo ndipo wafanyabiashara walipopenyeza tembe za vitamini zinazodaiwa kuikinga mioyo dhidi ya kutu hiyo. Dai hilo lilijaribiwa, likashindwa. Nchini Italia, matokeo ya 1999 kuhusu wagonjwa 11,324 walionusurika mshtuko wa moyo hayakuonyesha faida ya kuaminika ya vitamini E. Uingereza nayo iliwafuatilia watu 20,536 waliokuwa hatarini kwa miaka mitano. Kwa mujibu wa matokeo ya 2002, vitamini E, C na beta-karotini hazikupunguza vifo wala mishtuko ya moyo.

Mgonjwa anayeacha dawa za shinikizo la damu au za kupunguza mafuta ili anunue tembe hizo hubadilisha ngao kwa pambo. Kinachosaidia ni kuacha sigara, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kula matunda na mboga, kufanya mazoezi na kumeza dawa kama alivyoagiza daktari.

Na maumivu ya kifua yakibana, yakaenea mkononi au kwenye taya na kuandamana na jasho jembamba, dawa ya kwanza ni kukimbilia hospitali. Wahenga walinena kuwa chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Moyo nao haumngoji anayesitasita.