Waliopandishwa Mbinguni: Visasili vya Kigiriki na Nyota za Buruji

Kati ya viumbe wote wa buruji, Kaa ndiye mwenye hadithi fupi kuliko wote. Shujaa Heracles alikuwa katika kinamasi cha Lerna, kusini mwa Ugiriki, akipambana na Hydra, joka la majini lenye vichwa vingi, ambalo kila likikatwa kichwa kimoja huota viwili. Hera, mke wa Zeus mfalme wa miungu, alimchukia Heracles tangu utotoni kwa kuwa mumewe alimzaa na mwanamke mwingine. Akamtuma kaa akalisaidie joka. Kaa akatoka matopeni, akambana shujaa mguuni. Heracles akamkanyaga, gamba likapasuka, na maisha yake yakaishia hapo. Lakini Hera hakumsahau. Alimwokota akamweka angani, kwa sababu alikuwa ametimiza alichotumwa.

Ukimtafuta usiku utapata taabu kumwona. Yuko kati ya Mapacha na Simba, na nyota zake ni hafifu kuliko za buruji nyingine zote. Mahali pasipo na taa za umeme utaona katikati yake kiwingu cheupe, ambacho kumbe ni rundo la nyota nyingi ndogo. Wagiriki waliliita Hori, na nyota mbili zilizo kando yake wakaziita Punda. Walisimulia kwamba Dionysus, mungu wa divai, na wenzake walipanda punda hao kwenda kupigana na Majitu. Wale punda wakalia, na Majitu, ambao hawakuwahi kusikia mlio kama huo, wakatimua mbio. Nao punda wakapewa nafasi yao mbinguni.

Tumezoea kusoma katika safu za magazeti kwamba mwenye nyota ya Kaa hupenda nyumbani, wa Simba ni mtawala, wa Nge ni msiri asiyesamehe. Visasili vyenyewe havisemi hivyo. Kwa Wagiriki, kupandishwa angani kulikuwa malipo, fidia au kumbukumbu, na waliopandishwa wengi ni watumwa wa amri za wengine: waliochinjwa, waliotekwa, waliokimbia, waliokufa kwa ugomvi usiowahusu. Anayezisoma hadithi hizi zote pamoja hukutana na miungu wanaowiwa na wadogo, na wanaolipa deni wakati mwenye kudai amekwisha kufa. Hiyo ndiyo maana iliyomo ndani yake, na ni nzito kuliko utabiri wowote wa wiki.

Si picha zote za buruji zilizoanzia kwa Wagiriki. Wababeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, waliandika orodha za nyota kwenye vibao vya udongo, na kufikia karne ya 5 KK walikuwa wameigawa njia ya jua katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30. Fahali, Simba, Nge, Mizani na mbuzi mwenye mkia wa samaki walikuwapo huko kabla Wagiriki hawajaanza kuwasimulia. Wagiriki walizipokea picha bila hekaya zake, wakazitafutia hekaya za kwao. Ndiyo maana picha moja inaweza kuwa na visa viwili au vitatu vinavyopingana. Katika karne ya 3 KK Aratus alitunga utenzi wa nyota uitwao Phaenomena. Kitabu kingine cha visasili vya nyota hunasibishwa na Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria. Katika mji huohuo, katika karne ya 2 BK, Claudius Ptolemy aliorodhesha makundi 48 ya nyota. Mwaka 964 mwanaastronomia al-Sufi aliyapitia upya kwa Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu majina kama Hamali, Asadi, Mizani na Akarabu yakafika pwani yetu.

Buruji ya kwanza ni ya kondoo dume, ingawa safu nyingi za magazeti yetu humwandika Punda. Kisa chake kinaanza kwa njama ya mama wa kambo. Mfalme Athamas wa Boeotia alimzaa Phrixus na dada yake Helle kwa Nephele, kisha akaoa mke mwingine, Ino. Ino aliwataka watoto wale waondoke. Akawashawishi wanawake wa nchi wazikaange mbegu kwa siri kabla hazijapandwa. Mashamba hayakuota kitu. Mfalme akatuma wajumbe Delphi kuuliza sababu ya njaa. Ino akawahonga, nao wakarudi na jibu la uongo kwamba sharti Phrixus atolewe kafara. Kijana alikuwa amekwisha kufikishwa madhabahuni pale mama yake, Nephele, alipomleta kondoo mwenye manyoya ya dhahabu, naye kondoo akawabeba watoto wote wawili na kuruka nao kuelekea mashariki. Helle alishindwa kujishikilia, akaanguka kwenye mlangobahari unaotenganisha Ulaya na Asia, ambao kwa karne nyingi uliitwa Hellespont. Phrixus alifika salama Colchis, katika nchi ambayo leo ni Georgia.

Na huko Phrixus akamchinja kondoo aliyemwokoa, awe sadaka kwa Zeus. Ngozi ikatundikwa katika kichaka kitakatifu, ikalindwa na joka, na baadaye shujaa Jason na mabaharia wa merikebu ya Argo wakavuka bahari kuifuata. Ulimwengu unaikumbuka ile ngozi. Kitabu kile cha Eratosthenes kinamkumbuka mnyama: kinasema kondoo mwenyewe ndiye aliyejivua manyoya akampa Phrixus, ndipo akapanda mbinguni, na kwa kuwa dhahabu aliiacha duniani, nyota zake hazing'ari sana. Mtu anayeliangalia kundi lile katika usiku wa Novemba ataona kweli nyota chache tu za wastani, zisizovuta macho. Sijui simulizi nyingine ya kale inayoeleza ufifi wa nyota kwa ukarimu.

Fahali ana visa viwili vya Zeus: kimoja cha Europa, binti wa Foinike aliyebebwa mgongoni hadi Kreta, kingine cha Io aliyegeuzwa ng'ombe. Vyote viwili ni visa vya mwanamke anayetamaniwa na mwenye nguvu na kulipia tamaa hiyo. Mgongoni mwa Fahali kimekaa Kilimia, ambacho wakulima wetu wa Afrika Mashariki wamekitumia tangu zamani kujua majira ya kulima. Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa miaka ya 700 KK, naye aliwaelekeza wakulima wa kwao wavune kinapochomoza alfajiri na walime kinapozama. Kwa Wagiriki nyota zile ni mabinti saba wa Atlas waliokuwa wakikimbizwa na mwindaji Orion, mpaka Zeus akawahamishia angani. Orion naye yupo, na kila usiku bado anawafuata.

Mapacha ni Castor na Polydeuces wa Sparta, wana wa Leda. Mmoja alizaliwa wa kufa, mwingine wa kudumu. Castor alipouawa katika ugomvi na binamu zao, Polydeuces alimwomba Zeus aruhusiwe kumgawia ndugu yake nusu ya umilele wake. Tangu siku hiyo wanakaa pamoja, siku moja chini kwa wafu, siku moja juu kwa miungu. Katika buruji zote hiki ndicho kisa pekee ambacho mtu anadai kupunguziwa alichopewa.

Lakini kama ningelazimika kuchagua kimoja, ningechagua Mashuke. Wagiriki walimwona pale msichana ameshika shuke la ngano, na nyota angavu ya kundi hilo ndiyo lile shuke; usiku wa katikati ya Mei, kama saa nne, huku kwetu inakaribia kuwa utosini. Aratus anasema msichana huyo ni Haki. Zamani aliishi duniani na watu, akakaa na wazee sokoni na njiani, akiwahimiza wahukumiane kwa wema. Kilikuwa kizazi cha dhahabu, kisichojua vita wala jahazi za kuleta riziki kutoka mbali. Plau na ng'ombe viliwatosha. Kikaja kizazi cha fedha. Haki akahamia milimani, akawa anashuka jioni tu kuwakaripia watu, akiwaambia kwamba watoto watakaowazaa watakuwa wabaya kuliko wao. Kisha kikaja kizazi cha shaba, cha kwanza kufua panga na cha kwanza kumla ng'ombe wa kulimia. Hapo Haki akachukia, akaruka juu. Anaonekana usiku tu, kwa mbali.

Upo usimulizi mwingine wa nyota zilezile, nao unauma zaidi. Icarius, mkulima wa Attica, alifundishwa na Dionysus kutengeneza divai, akaenda kuwagawia wachungaji. Walipolewa walidhani wamewekewa sumu, wakamuua. Binti yake, Erigone, aliongozwa na mbwa wao hadi kwenye maiti, akajinyonga pale pale. Zeus aliwaweka wote angani, binti, baba na mbwa. Haki iliyotukimbia na mtoto aliyefiwa kwa ukarimu wa baba yake: sura hizo mbili ndizo ambazo leo hufupishwa kuwa "watu wa Mashuke ni nadhifu na hupenda kukosoa."

Nge anastahili kutazamwa kwa macho, si kusomwa tu. Orion alijigamba kwamba angeua kila mnyama aliye juu ya ardhi. Ardhi, ambaye ni mama wa wanyama hao, akamtoa nge akamchoma na kumuua. Wote wawili wakawekwa mbinguni, pande mbili zinazoachana. Katikati ya Aprili, saa nne usiku, kama mawingu ya masika yataruhusu, angalia mashariki: Nge anamalizia kuchomoza, mkia wake uliokunjwa ukiwa wa mwisho. Kisha geuka magharibi: Orion anazama. Aliyetunga kisa hiki alikuwa amekesha usiku mwingi akitazama.

Simba ni yule wa Nemea, aliyenyongwa kwa mikono ya Heracles kwa kuwa silaha hazikuipenya ngozi yake, kisha akachunwa kwa kucha zake mwenyewe. Ndoo ni Ganymede, mtoto wa mfalme wa Troya, aliyenyakuliwa ili awe mnyweshaji wa Zeus. Baba yake alilipwa farasi wasiokufa. Mbuzi na Samaki wote wanahusishwa na hofu ya Typhon, jitu ambalo hata miungu ililikimbia. Mshale, kwa Eratosthenes, ni Crotus, mwana wa mlezi wa miungu wa kike wa sanaa, aliyewapigia makofi walipoimba. Mizani haina hadithi ya Kigiriki. Mahali pake Wagiriki waliona makucha ya Nge.

Tabia zinazotajwa magazetini zilitoka kwingine. Ptolemy katika kitabu chake cha unajimu aliegemea majira ya mwaka, joto, baridi, ukavu na unyevu. Hata hesabu yenyewe imeshahama. Mwanaastronomia wa Kigiriki Hipparchus aligundua katika karne ya 2 KK kwamba nyota husogea polepole zikilinganishwa na majira, kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba, ukikamilisha mzunguko mmoja katika miaka karibu 26,000. Aliyezaliwa mwanzoni mwa Aprili huambiwa ni wa Punda, lakini siku hiyo jua halikuwa kwenye nyota za kondoo. Lilikuwa kwenye za Samaki. Visasili havikuathirika kwa mabadiliko hayo, kwa sababu havikuahidi lolote kuhusu kesho.

Na kuna aliyeachwa nje. Juu ya Nge amesimama mtu aliyeshika nyoka, ambaye Wagiriki walisema ni Asclepius, tabibu aliyesomeshwa na mwalimu wake, Chiron, mpaka akajua kufufua wafu. Zeus alimpiga radi kwa kosa hilo, kisha, Apollo alipomlilia mwanawe, akamweka angani. Mipaka ya makundinyota iliyokubaliwa na wanaastronomia wa dunia nzima kufikia mwaka 1930 inaonyesha kwamba jua hukaa kwa Nge wiki moja tu, na kwa tabibu huyo siku 18 hivi, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba. Safu za nyota bado zinahesabu kumi na mbili.