Kaka, wiki mbili hizo ni zako: Somo kutoka kwa akina baba wa Japani

HUENDA asubuhi ya leo umeenda job kwa Toyota Noah, mmebanana, goti lako kwenye mgongo wa jirani, konda anasema bado mmoja anatosha. Kwetu Noah ni gari la biashara. Kule lilikotoka, Japani, liliundwa kuwa gari la familia: baba kwenye usukani, mama kando yake, watoto nyuma na vyakula vyao, safari ya Jumapili.

Swali ni hili: huyo baba alikuwa na watoto wake mara ngapi kwa wiki? Kwa miaka mingi, jibu lilikuwa mara chache sana. Na kama wewe ni kijana unayetarajia mtoto, au una mpango huo baadaye, hadithi ya akina baba wa Japani inakuhusu kuliko unavyodhani.

Mfanyakazi wa kampuni kule alikuwa akitoka nyumbani mapema, anapanda treni iliyojaa pomoni, anafanya kazi hadi usiku. Kazi ikiisha, bosi anaalika kikosi chake kwenda kupiga kinywaji, na si rahisi kumkatalia bosi. Akifika nyumbani, watoto wamelala zamani. Wikendi napo kuna gofu na wateja. Kampuni ikimhamishia mji mwingine, anaenda peke yake ili watoto wasihame shule. Wajapani wana jina la maisha hayo: 'tanshin funin'. Sisi hatuna jina, lakini tunayajua vizuri sana. Buda yuko Nairobi, familia iko ushago, mnaonana Krismasi.

Deni hilo lililipwa wakati wa kustaafu. Mzee anarudi nyumbani kwa jumla na kukuta mke na watoto walishajipanga bila yeye. Marafiki wake wote walikuwa wa kazini. Hana la kupitishia wakati, kwa hiyo anamfuata mkewe kila aendako, hata dukani. Watu wakambandika jina 'nure ochiba', yaani jani lililolowa. Unajua jani la aina hiyo: unalifagia, linang'ang'ania ufagio. Ni kichekesho, lakini fikiria ni wewe unaitwa hivyo na mke uliyemtafutia riziki miaka 40.

Serikali ya Japani iliona tatizo, hasa kwa kuwa watoto wanaozaliwa walikuwa wakipungua mwaka baada ya mwaka. Mnamo 1999 wizara ya afya ilibandika mabango ya mwanamume amembeba mtoto, na ujumbe kwamba asiyelea hastahili kuitwa baba. Mwaka 2010 ikaanzisha kampeni ya 'ikumen'. Hilo ni neno la mchezo: 'ikemen' ni mwanamume mtanashati, 'ikuji' ni malezi. Kwa ufupi, anayebadilisha pampasi ndiye mtanashati.

Sheria nayo ilikuwepo. Tangu 1992, baba na mama wote wameruhusiwa likizo ya kulea hadi mtoto afikishe mwaka mmoja. Mnamo 2019, shirika la UNICEF lililinganisha mataifa tajiri na kuiweka Japani nambari moja kwa likizo ya malipo wanayoruhusiwa akina baba.

Sasa sikia. Mwaka 2012, likizo ikiwa tayari imekuwepo kwa miaka 20, chini ya wanaume wawili katika kila 100 waliopata watoto waliichukua.

Kwa nini? Si kwamba hawakuwapenda watoto wao. Waliogopa. Uliogopa bosi atakuonaje, wenzako watabeba kazi yako na kununa, kupandishwa cheo kutakupita. Kuna hata neno la kunyanyaswa kazini kwa sababu umeomba kulea: 'patahara'. Shinjiro Koizumi alipochukua likizo ya kulea mwanzoni mwa 2020 akiwa waziri wa mazingira, ilikuwa habari kubwa nchi nzima. Na zilikuwa siku za wiki mbili tu, zilizogawanywa kwa miezi mitatu.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa bango. Kuanzia Aprili 2022, mwajiri analazimika kumfuata mfanyakazi anayetarajia mtoto, amweleze haki zake na kumuuliza iwapo ataenda likizo. Oktoba mwaka huo ikaongezwa likizo maalum ya baba, hadi wiki nne ndani ya wiki nane za kwanza za mtoto. Mwaka 2023, kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 zikaamriwa kutangaza hadharani ni wanaume wangapi wanaichukua.

Mnamo 2021 walikuwa kama 14 katika kila 100. Mnamo 2023 walifika 30. Mnamo 2024 walipita 40. Wanaume ni wale wale. Tofauti ni kwamba mwenye kuanzisha mazungumzo sasa ni bosi, si yule kijana anayetetemeka mlangoni.

Si kila kitu kimenyooka. Wapo wanaochukua siku chache tu, na wapo wanaokaa likizo wakiwa wamelala kwenye kochi na simu, mama akilea watoto wawili badala ya mmoja. Kazi nyingi za nyumbani bado ziko mabegani mwa wanawake.

Hata hivyo, ukibahatika kufika Tokyo kwa masomo au biashara ya magari, tembea kwenye bustani za jiji siku ya Jumapili. Utawaona akina baba wakiendesha baiskeli zenye viti vya watoto mbele na nyuma. Julai na Agosti, baba na mtoto huingia msituni na wavu kuwinda 'kabutomushi', mdudu mweusi mwenye pembe kichwani, wamfuge nyumbani. Wengine husimama kwenye daraja kutazama treni zikipita. Jioni, baba na mtoto huingia pamoja kwenye maji ya moto na kuhesabu kabla ya kutoka. Mradi anachopenda baba, mtoto yumo ndani.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili mtoto wake akizaliwa. Si fadhila ya bosi, wala huhitaji kupiga magoti. Lakini hapa hakuna atakayekufuata kukuuliza. Wasee wengi hukaa kimya, siku mbili baadaye wako ofisini na macho mekundu, wakipongezwa kwa kuwa wachapakazi.

Kwa hivyo anza wewe. Andika barua mapema, ujauzito ukiwa na miezi sita au saba, na ubaki na nakala. Mwonyeshe mwenzako kazi zako kabla hujaondoka. Kama uko boda au kibanda, hakuna wa kukulipa, hilo tusidanganyane. Hapo dawa ni akiba ndogo ya kila siku kuanzia sasa, na makubaliano na beste atakayekushikia kazi hata kwa wiki moja.

Na zikifika, wiki hizo si za kutazama mechi. Ogesha mtoto. Pika. Nenda kliniki na mama yake. Wageni wakimiminika, wewe ndiye wa kuwaambia kwa heshima kwamba mama amelala.

Kule Japani, mke mwenye watoto mara nyingi humwita mumewe 'otosan', yaani baba, kama vile mathe anavyomwita buda wako Baba Nani. Jina hilo utalipata siku ya kwanza, bure. Barua ya likizo ndiyo haitajiandika yenyewe.